Bima Iliyozima Injini za Wichita

Ukifika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, au kiwanja cha Arusha, hutakosa kuiona Cessna 206: bawa juu, injini moja, viti sita, na mlango mpana wa nyuma unaopitisha magunia, machela ya mgonjwa au mizigo ya watalii. Ni ndege ya kazi, na ukanda huu imeuhudumia kwa miongo mingi. Lakini hutapata 206 iliyotoka kiwandani kati ya mwaka 1987 na 1997. Kampuni iliyokuwa imeunda maelfu ya ndege hizo iliacha kuziunda kwa miaka 10 au zaidi, pamoja na ndugu zao wadogo, 172 na 182. Hapakuwa na vita wala moto kiwandani. Kilichoifikisha hapo kwa sehemu kubwa ni gharama ya bima.

Bima ya ndege ina umri unaokaribia ule wa ndege yenyewe. Ilianzia London, katika soko la Lloyd's, ambako wafanyabiashara walikuwa wakikatia meli bima tangu karne ya 17. Mwaka 1911 waliandika mkataba wao wa kwanza wa ndege. Mwaka uliofuata hali mbaya ya hewa iliangusha ndege kadhaa kwenye tamasha la urushaji, fidia zikadaiwa, na watoa bima wakajitoa. Sioni sababu ya kuwalaumu. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, waya na kitambaa, na hakuna aliyekuwa na rekodi za kutosha kukisia ni ngapi zingeanguka mwaka ujao.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta marubani wengi na ndege nyingi zilizobaki bila kazi, na biashara ya bima ikarudi. Kampuni ya Travelers ya Marekani ilianza kuuza bima ya anga mwaka 1919. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1920: mwenye shamba hawezi kukushtaki kwa sababu tu umepita angani juu ya shamba lake, lakini ukimwangukia utamlipa, hata asipothibitisha kwamba ulizembea. Hapo ndipo ile ambayo wenye magari wa leo wanaiita bima ndogo, ya kumlinda mtu wa tatu, ilipopata maana kwa mwenye ndege. Kisha mwaka 1925 de Havilland waliirusha Moth, ndege ya watu wawili yenye mabawa yanayokunjwa nyuma, ambayo ungeweza kuivuta kwa gari ukaihifadhi bandani. Daktari, mwanasheria au mwenye mashamba akaanza kufikiria kununua ndege yake mwenyewe.

Tatizo la watoa bima lilikuwa idadi. Bima ya gari inategemea wingi: magari laki moja yakikatiwa bima, ajali za mwaka zinaweza kukadiriwa bila kukosea sana. Ndege zilikuwa chache mno, na moja ikianguka hasara yake ilimeza malipo ya wateja wengi. Dawa yake ikawa kuungana. Mwaka 1928 Reed Chambers, rubani mashuhuri wa vita, na David Beebe, mtu wa bima, walianzisha Marekani kundi la USAIG, ambamo kampuni kadhaa ziligawana kila hatari.

Kwa kuwa idadi haikuwasaidia, walimgeukia rubani. Fomu ya bima ya ndege ndogo inachunguza mtu kuliko chombo: una saa ngapi angani, ngapi kati ya hizo kwenye aina hii ya ndege, ngapi kwenye ndege yenye magurudumu yanayoingia ndani. Swali hilo la magurudumu halikuwekwa kwa bahati. Rubani akisahau kuyateremsha, ndege inatua kwa tumbo, na mara nyingi wote waliomo wanashuka salama wakicheka kwa aibu. Bili inakuja baadaye. Propela imejikunja, na kwa kuwa ilisimama ghafla, injini nayo lazima ifunguliwe na kukaguliwa kipande kwa kipande, kisha bado kuna bati la tumboni. Kwa ndege ya zamani, jumla inaweza kupita thamani yake yote, na kampuni ikaamua kumlipa mwenye ndege thamani iliyoandikwa kwenye mkataba na kulichukua gofu.

Basi hiyo ni bima ya mwenye ndege. Iliyoiangusha Wichita, jiji la Kansas linalojiita mji mkuu wa ndege duniani, ni bima ya mtengenezaji.

Mwaka 1978 viwanda vya Marekani viliuza ndege ndogo na za kati 17,811. Wakati huohuo mahakama za nchi hiyo zilikuwa zimeshapanua wajibu wa mtengenezaji: bidhaa yenye kasoro ikiumiza mtu, muundaji analipa. Kwa kikaango au gari hilo lina mwisho, kwa kuwa vitu hivyo huishia jalalani. Ndege ndogo haifi. Iliyoundwa mwaka 1946 bado inaruka, imebadilishwa injini, imepita mikononi mwa wamiliki kumi, na wakati huo aliyeiunda alikuwa bado anaweza kushtakiwa.

Kesi iliyosemwa sana ilianzia New Mexico mwaka 1983. Rubani wa Piper Super Cub ya mwaka 1970 alitaka kuvuta ndege isiyo na injini ili ipigwe filamu ya tangazo. Kamera ilifungwa mbele, naye akaendesha kutoka kiti cha nyuma. Mwenye uwanja, ambaye hakutaka waruke, aliegesha gari kwenye njia ya kurukia. Ndege ililigonga na rubani akaumia vibaya ubongo. Piper ikashtakiwa kwamba anayeendesha akiwa nyuma haoni vizuri mbele, na kwamba kiti hicho hakikuwa na mkanda wa mabegani. Mwaka 1993 kesi ilikuwa bado inabishaniwa kwenye mahakama ya rufaa.

Kwa hesabu za wenye viwanda wenyewe, gharama zao za madai na bima zilipanda kutoka dola milioni 24 mwaka 1978 hadi milioni 210 mwaka 1985. Cessna iliacha kuunda ndege zake za injini za pistoni mwaka 1986. Piper iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 1991. Mwaka 1994 sekta nzima iliuza ndege 928. Haki itendeke, si bima peke yake: mafuta yalikuwa yamepanda bei, riba za mikopo vilevile, na soko lilijaa ndege zilizotumika ambazo zilishindana na mpya. Wanasheria wa wahanga walilisema hilo kwa nguvu, na walikuwa na hoja.

Russ Meyer, mwenyekiti wa Cessna, aliahidi kwamba kampuni ingerudi kuunda ndege hizo iwapo sheria ingebadilishwa. Agosti 17, 1994, Rais Clinton alitia saini sheria iliyoweka kikomo cha miaka 18: ndege ndogo ikishapita umri huo, mtengenezaji kwa kawaida hashtakiwi tena. Aliyeangukiwa akiwa chini hakunyimwa haki yake, wala mgonjwa aliyekuwa akisafirishwa kwa dharura. Meyer alitimiza ahadi; kiwanda kipya kilifunguliwa Independence, Kansas, mwaka 1996, na 206 ikarudi mwaka 1998.

Mzigo haukufutika, ulihama. Anayeumia leo katika ndege ya mwaka 1975 kwa kawaida hubaki kumdai aliyeirusha, fundi aliyeikarabati au anayeimiliki. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2005, unamlazimisha hata mwenye ndege ya burudani kuwa na bima ya mtu wa tatu kulingana na uzito wa ndege yake. Serikali kuu ya Marekani haimlazimishi mmiliki binafsi. Na soko la bima ya anga bado ni dogo. Baada ya ajali mbili za Boeing 737 MAX, ya Lion Air mwaka 2018 na ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi Machi 2019, hasara ile ilikuwa mojawapo ya sababu zilizopandisha bima hata kwa mwenye Cessna ya viti vinne asiyewahi kuipanda MAX. Marubani wenye umri wa zaidi ya miaka 70 ndio waliobanwa zaidi, wengine wakikosa kampuni ya kuwapokea kabisa.

Kwa hiyo ukishawishiwa na wenzako mchange kununua 206 iliyotumika, mpigie wakala wa bima kabla ya kumlipa muuzaji, na mpelekee daftari la saa za kila atakayeirusha. Asiyetimiza saa zilizoandikwa kwenye mkataba akiivunja, kampuni ina haki ya kukataa kulipa.