Msimbo wa Morse: Lugha ya nukta na vistari isomwayo kwa sikio

MSIMBO wa Morse ni mfumo wa kuwasilisha herufi, tarakimu na alama za uakifishaji kwa kutumia ishara mbili pekee: fupi, iitwayo nukta, na ndefu, iitwayo kistari. Ishara hizo zaweza kupitishwa kwenye waya wa umeme, kurushwa kwa mawimbi ya redio, kumulikwa kwa tochi, kugongwa ukutani au hata kuonyeshwa kwa kupepesa macho.

Kwa zaidi ya miaka 150, mfumo huu ulibeba habari za biashara, vita, vifo na uokoaji kote duniani. Leo meli na posta zimeuacha. Hata hivyo, maelfu ya watu wangali wanajifunza, na programu za kuufundisha zinapatikana bila malipo kwenye tarakilishi na rununu.

Wengi wanaoanza hukata tamaa njiani. Aghalabu sababu huwa moja: huukariri msimbo huu kama maandishi ya kutazamwa kwa macho, ilhali historia yake yote inadhihirisha kwamba ni lugha ya kusikilizwa.

Chimbuko

Samuel Morse alizaliwa mwaka 1791 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Hakuwa mwanasayansi bali mchoraji mashuhuri wa picha za watu. Mnamo Februari 1825, alipokuwa mjini Washington akimchora Jenerali Lafayette, mkewe Lucretia aliaga dunia huko New Haven. Barua ya tanzia ilichukua siku kadhaa kumfikia, na alipowasili nyumbani alikuta mkewe amekwishazikwa. Hivyo ndivyo mawasiliano yalivyokuwa enzi hizo: habari haikuweza kumtangulia farasi wala meli iliyoibeba.

Mwaka 1832, akirejea Marekani kutoka Ulaya kwa meli iliyoitwa Sully, Morse alisikia abiria wakizungumzia sumaku ya umeme. Akaanza kuwaza jinsi mkondo wa umeme ungeweza kubeba ujumbe. Alisaidiwa na Leonard Gale, mhadhiri wa kemia, na Alfred Vail, kijana aliyekuwa fundi hodari wa mitambo.

Bunge la Marekani liliidhinisha dola 30,000 mwaka 1843 ili waya ujengwe kati ya Washington na Baltimore, umbali wa takriban kilomita 60. Mnamo Mei 24, 1844, Morse alituma ujumbe wa kwanza rasmi kupitia waya huo, sentensi fupi kutoka kitabu cha Hesabu katika Biblia. Vail aliupokea akiwa Baltimore na kuurudisha papo hapo.

Siri ya ufupi

Ubora wa msimbo huu umo katika jinsi ishara zilivyogawanywa. Herufi zinazotumika sana katika Kiingereza zilipewa ishara fupi, na zile adimu zikapewa ndefu. E ni nukta moja tu na T ni kistari kimoja. Q, ambayo hutumika kwa nadra, ina kistari, kistari, nukta na kistari.

Mgawanyo huo haukumfikiria Mswahili. Katika Kiswahili, herufi inayojitokeza mara nyingi zaidi ni A, nayo huhitaji ishara mbili: nukta na kistari. Hata hivyo, lugha yoyote inayoandikwa kwa herufi za Kirumi yaweza kupitishwa bila tatizo.

Msimbo wa awali wa Kimarekani ulikuwa na kasoro, kwa kuwa baadhi ya herufi zilikuwa na mapengo ya ndani yaliyowachanganya wapokezi. Mwaka 1848, Mjerumani Friedrich Clemens Gerke aliurekebisha. Mkutano wa kimataifa uliofanyika jijini Paris mwaka 1865 ukauidhinisha mfumo uliotokana na marekebisho hayo. Huo ndio unaotumika hadi leo.

Kanuni zake ni za muda. Kistari huchukua muda wa nukta tatu. Pengo kati ya ishara za herufi moja ni muda wa nukta moja, kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, na kati ya neno na neno ni nukta saba.

Chukua neno 'simu'. S ni nukta tatu, I ni nukta mbili, M ni vistari viwili, na U ni nukta mbili na kistari. Ukijumlisha ishara na mapengo yote, neno hilo huchukua muda wa nukta 31. Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, hupita kwa chini ya sekunde mbili.

Kutoka jicho hadi sikio

Morse hakukusudia mfumo wake usikilizwe. Mtambo wake ulichora alama kwenye utepe wa karatasi, na karani alitarajiwa kuutazama utepe huo kisha aandike maneno.

Haikuchukua muda kabla ya makarani kugundua jambo. Mlio wa chuma kikigonga chuma ulikuwa na mwendo wake kwa kila herufi, nao waliweza kuutambua bila kutazama karatasi. Punde si punde, utepe uliachwa katika ofisi nyingi za Marekani na mahali pake pakachukuliwa na kifaa kidogo cha kutoa mlio tu. Karani aliyezoea alisikiliza huku akiandika, kama mtu anayeandika imla.

Simu yafika pwani

Katika Afrika Mashariki, mawasiliano haya yaliingia kupitia baharini. Mwaka 1879, wakati wa utawala wa Sultani Barghash, waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea hadi Afrika Kusini. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar mwaka 1890. Baadaye, reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901, nguzo za simu zilisimamishwa kando yake.

Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya enzi hiyo. Neno 'simu' latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Kabla ya watu kuzungumza kwa simu, 'simu' ilikuwa ni ujumbe wa maandishi uliofika kwa waya, na 'kupiga simu' ilikuwa ni kuupeleka ujumbe huo. Anayesema leo kwamba anampigia mwenzake simu anatumia msemo uliotangulia simu ya sauti.

Redio, bahari na vita

Guglielmo Marconi alitangaza kuwa mnamo Desemba 12, 1901 alipokea herufi S, yaani nukta tatu, iliyorushwa bila waya kutoka Uingereza hadi Newfoundland, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Tangu hapo, meli iliyokuwa katikati ya bahari haikuwa tena mkiwa.

Mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 ulikubali ishara ya dharura ya nukta tatu, vistari vitatu na nukta tatu, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1908. Watu huiita SOS. Ilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi kutambulika, wala si ufupisho wa maneno yoyote.

Usiku wa Aprili 14, 1912, meli ya Titanic ilipogonga siwa barafu, wahudumu wake wa redio Jack Phillips na Harold Bride walipiga ishara za kuomba msaada. Meli ya Carpathia ilisikia, ikafika na kuokoa zaidi ya watu 700. Wengine zaidi ya 1,500 waliangamia, Phillips akiwemo.

Mombasa nayo ina sura yake katika historia hii. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikosi cha Uingereza cha kunasa na kufumbua siri za Wajapani kilihamishiwa Kilindini na kupewa majengo ya shule ya Allidina Visram. Huko, wahudumu waliovaa vidude vya kusikilizia masikioni walinasa ujumbe wa Wajapani, waliokuwa na msimbo wao wa Morse kwa herufi za Kijapani. Aliyesikiliza hakuhitaji kuelewa Kijapani ili aandike. Alihitaji sikio lililozoezwa tu. Kazi ya kuifumbua siri iliachiwa wataalamu wengine.

Kuondoka kwake

Setilaiti na tarakilishi hatimaye ziliupiku msimbo huu. Mnamo Februari 1, 1999, mfumo mpya wa kimataifa wa usalama baharini ulianza kutumika kikamilifu, na meli hazikulazimika tena kuwa na mtaalamu wa Morse. Mwaka 2003, mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliziachia nchi uhuru wa kuamua iwapo waombaji wa leseni za redio za ridhaa watatahiniwa msimbo huo. Kampuni ya Western Union ya Marekani ilituma telegramu yake ya mwisho Januari 2006.

Ajabu ni kuwa wakati huohuo msimbo wenyewe uliongezewa alama. Mwaka 2004, alama ya @ inayotumika katika anwani za baruapepe ilipewa ishara yake rasmi, ya kwanza kuongezwa baada ya miongo mingi.

Wapenzi wa redio za ridhaa hawajauacha, nao wana sababu ya kisayansi. Ishara ya Morse huhitaji nafasi ya takriban hezi 150 hewani, ilhali sauti ya binadamu huhitaji zaidi ya hezi 2,000. Nguvu ya mtambo ikikusanywa katika nafasi finyu, mtambo wa wati chache waweza kusikika maelfu ya kilomita, hata mahali ambapo sauti ya kawaida ingemezwa na kelele.

Programu za kujifunzia

Mwanagenzi anayekariri jedwali la nukta na vistari hulazimika kufanya kazi mara mbili: ahesabu milio, kisha aitafute herufi akilini. Kwa kasi ndogo huweza kufaulu. Akifikia takriban maneno 10 kwa dakika, hesabu humshinda, na asipobadilisha mbinu hukwama hapo.

Katika miaka ya 1930, mwanasaikolojia Mjerumani Ludwig Koch alipendekeza njia tofauti. Mwanafunzi huanza na herufi mbili tu, zikipigwa kwa kasi kamili tangu siku ya kwanza. Akizitambua kwa asilimia 90, huongezwa herufi ya tatu, kisha ya nne, hadi zote zitimie. Kwa kuwa kasi haimpi nafasi ya kuhesabu, sikio hulazimika kuishika herufi nzima kama mlio mmoja.

Enzi za Koch, njia hiyo ilihitaji mwalimu na mtambo. Tarakilishi imeirahisisha, kwani hupiga milio isiyoyumba na kusahihisha majibu mara moja. Tovuti ya LCWO, iliyoanzishwa mwaka 2008, ina masomo 40 ya njia hii na huhifadhi matokeo ya kila mwanafunzi. Programu ya G4FON hufanya kazi kama hiyo kwenye tarakilishi. Nyingi kati ya programu hizi huanza na herufi K na M: 'da-di-da' na 'da-da'.

Njia ya pili huitwa Farnsworth. Hapa kila herufi hupigwa haraka, lakini pengo kati ya herufi na herufi hurefushwa ili mwanafunzi apate muda wa kuandika. Pengo hupunguzwa kadiri anavyozoea. Programu nyingi huruhusu njia hizi mbili zitumiwe pamoja.

Kwa aliyekwisha kuzijua herufi, programu ya Morse Runner huigiza mashindano ya redio, pamoja na kelele na vituo vinavyoitana kwa pamoja. Vilevile zipo programu za kufumbua ujumbe badala ya mtu. Hizo hazifundishi, na mara nyingi hukosea pale ishara zinapokuwa hafifu au mkono wa mpigaji unapoyumba, mahali ambapo sikio lililozoea lingali linasikia.

Ni heri mazoezi ya dakika 15 au 20 kila siku kuliko saa tatu mara moja kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Kujifunza kwenye tarakilishi hakuhitaji kibali, lakini anayetaka kurusha mawimbi hewani nchini Kenya sharti apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Majina ya vituo vya redio za ridhaa vya Kenya huanza na 5Z4.

Sauti ya asiye na sauti

Mwaka 1966, mwanajeshi wa Marekani Jeremiah Denton, aliyekuwa mateka Vietnam Kaskazini, alilazimishwa kuhojiwa mbele ya kamera. Huku akijibu maswali, alipepesa macho kwa msimbo wa Morse na kutamka neno moja la Kiingereza lenye maana ya mateso. Walioitazama filamu hiyo kwao walielewa.

Mwaka 2018, kampuni ya Google iliongeza msimbo huu katika kibodi yake ya rununu. Aliyeshirikiana nayo ni Mmarekani Tania Finlayson, aliyezaliwa na ulemavu wa kupooza kwa ubongo unaomzuia kuzungumza. Yeye huandika kwa kugusa swichi mbili kwa kichwa, moja ikiwa ya nukta na nyingine ya kistari.

Kibodi ya kawaida humtaka mtu awe na vidole vya kufikia makumi ya vitufe. Msimbo wa Morse hutaka msogeo mmoja tu ambao mtu anaweza kuumudu, uwe wa kichwa, wa kidole au wa ukope. Kwa asiye na zaidi ya hapo, nukta na kistari vingali vyamtosha kusema lolote alitakalo.