Namna ya kuondoa stika na nembo za muuzaji bila kuharibu gari

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hufika yakiwa na stika za huko yalikotoka. Yale ya Japani huwa na stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, na mengi yana ile ya duara ya kuthibitisha kuwa mmiliki ana maegesho, ambayo sheria ya nchi hiyo ililazimisha kubandikwa hadi mwaka 2025. Muuzaji naye huongeza jina lake juu ya buti.

Kuziondoa si kazi ngumu, lakini haraka huwatia wengi hasara. Kioo cha nyuma ndicho kinachoharibika zaidi. Mistari myembamba iliyo upande wake wa ndani hupitisha umeme wa kukausha ukungu, na katika baadhi ya magari hunasa pia mawimbi ya redio. Wembe ukikata mstari mmoja, sehemu hiyo haitakauka tena. Upungufu huo hujulikana asubuhi ya baridi Mbeya au Limuru, dereva anaposhindwa kuona nyuma.

Hatua ya kwanza ni kuosha eneo lote kwa maji ya sabuni, kwani mchanga ukisuguliwa hukwaruza rangi. Kisha stika ipashwe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kiasi ambacho mkono unaweza kustahimili. Gundi ikilainika, kona moja iinuliwe kwa ukucha au kadi ya plastiki, na stika ivutwe polepole ikilazwa karibu na bodi. Ikigoma, ipashwe tena.

Gundi inayosalia hulainishwa kwa mafuta ya kupikia au spiriti kidogo kwenye kitambaa laini, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Petroli isitumike: hushika moto kwa urahisi na yaweza kuharibu rangi na mipira. Spiriti nayo isiguse plastiki ya tinti. Kwenye kioo cha nyuma, kitambaa kifuate mistari, kisiikate. Kioo cha mbele kisicho na tinti kinaweza kukwanguliwa kwa wembe uliolazwa, kikiwa kimeloweshwa sabuni.

Nembo zilizobandikwa kwa gundi hukatwa nyuma kwa mshipi wa kuvulia samaki, ukivutwa huku na huku baada ya kupasha joto. Hata hivyo, baadhi hushikiliwa na vijiti vilivyopenya kwenye bodi. Zikiondolewa hubaki matundu yanayoingiza maji na kuleta kutu. Nembo ikigoma kutikisika, ni vyema kumwachia fundi wa bodi.

Aidha, mmiliki wa gari lililotumika afahamu kwamba rangi iliyofunikwa na nembo haikupigwa na jua, hivyo alama yake huweza kubaki. Polishi huipunguza, lakini si lazima iifute kabisa.

Zipo pia karatasi zisizopaswa kuguswa: ile ya shinikizo la upepo wa matairi mlangoni, tahadhari za mfuko wa hewa, na kibati chenye namba ya chasi. Kibati hicho kikipotea, mmiliki hukumbana na maswali mazito siku ya ukaguzi au ya kuuza.