Mchungwa Mgonjwa na Fundisho la Usukuma

Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, jirani na Bariadi ya leo. Mbeba ugonjwa alikuwa mbung'o, na maficho yake yalikuwa vichaka. Katika muongo huo huo, huko Shinyanga, Charles Swynnerton na watemi wa Kisukuma waliwaongoza watu kwa maelfu kufyeka vichaka hivyo. Kazi hiyo haikukosa shuruti ya kikoloni. Hata hivyo, waliofyeka walijipatia malisho na mashamba.

Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulifuata njia nyingine. Wakulima wa Mwanza, Kwimba, Maswa na Shinyanga waliamriwa kupunguza mifugo na kulima kwa matuta, na aliyekaidi alitozwa faini. Hasara ilikuwa ya mkulima. Faida iliahidiwa tu. Upinzani ulikua, TANU ikapigwa marufuku huko mwaka 1954, na kufikia 1958 Geita ilikuwa imefurika waandamanaji. Udongo ulihitaji hifadhi kweli, lakini hoja sahihi iliharibiwa na amri isiyo na haki.

Historia hii inatuhusu leo kwa sababu ya mchungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba mdudu mfyonza utomvu mwenye asili ya Asia, mbebaji wa bakteria waharibifu wa jamii ya michungwa, ameingia Tanzania; alionekana Morogoro. Aina ya Kiafrika ya ugonjwa huo, yenye mdudu wake, imezoea nyanda za juu zenye ubaridi. Huyu wa Asia huvumilia joto, na hapo ndipo mikoa kama Simiyu inapoingia hatarini. Majani hupata mabaka ya njano, matunda hubaki madogo, ya kijani na machungu. Tiba hakuna. Kinachowezekana ni kupanda miche safi, kumdhibiti mdudu na kung'oa mti ulioambukizwa.

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, umeegemea mno pamba, na ushauri wa kupanda matunda ni wa busara. Lakini mche wa kubebesha ulionunuliwa kiholela waweza kuuleta ugonjwa kabla mdudu hajafika kwa mbawa zake. Kwa hiyo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na maafisa ugani waanzie kwenye vitalu, si kwenye faini.

Siku itakapolazimu kung'oa miti, swali litakuwa lile la zamani: nani abebe hasara? Mdudu havijui mipaka ya mashamba; anayeng'oa mchungwa wake huwalinda majirani wote. Basi haki yadai kwamba jamii yote, kupitia halmashauri, imfidie walau kwa miche mipya. Bila hivyo ataficha mti mgonjwa, na hatutakuwa na uso wa kumlaumu.