Nani Huichagulia Kayole Mfumo Endeshi? Sasisho za Lazima, Fomu ya Ushuru na Mipaka ya Programu Huria

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Miezi kadhaa kabla ya hapo watetezi wa programu huria, wakiwamo waanzilishi wa kampeni iitwayo End of 10, walikuwa wameshatabiri kitakachofuata: watumiaji waliochoshwa na sasisho za lazima, na ambao sasa wanaambiwa mashine zao hazifai tena, watahamia mfumo endeshi huria wa Linux. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikuwa imekadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta milioni 240 huenda zikageuka taka kwa sababu hiyo. Kwamba watu wamechoka, sibishi. Ninachobishia ni dai kwamba aliyechoka huhama, na ushahidi wangu ni saiba, yaani maduka ya huduma za kompyuta na intaneti, za Eastlands ya Nairobi: Kayole, Umoja, Dandora, Kariobangi na jirani zao. Kama kero ingetosha kumhamisha mtu, mitaa hii ingekuwa imehama zamani.

Kuhusu kero yenyewe waandishi wanaafikiana, kwa hiyo nitapita haraka. Windows 7 ilimruhusu mtumiaji kulikataa sasisho. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, toleo la nyumbani liliiondoa ruhusa hiyo, na ni Mei 2019 tu ndipo mwenye toleo hilo alipoweza kuahirisha, tena kwa siku zisizozidi 35. Katikati ya muda huo, Oktoba 2018, sasisho moja lilifuta faili za baadhi ya watumiaji hadi Microsoft ikalazimika kulisimamisha.

Ambalo halijaandikwa vya kutosha ni jinsi kero hii inavyofika kwenye kaunta ya saiba. Saiba ya kawaida mtaani ina kompyuta chache, printa inayofanya kazi kutwa, skana, na laini moja ya intaneti inayogawanywa kwa wote. Mwenyewe hawezi kuziacha mashine wazi kwa kila mteja anayekuja na flashi yenye virusi, kwa hiyo wengi huzigandisha kwa programu kama Deep Freeze: mashine ikizimwa na kuwashwa tena, kila kilichoongezwa tangu igandishwe hufutika. Sasa Microsoft hutoa sasisho zake za mwezi Jumanne ya pili, saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo mwezi Juni huwa saa mbili usiku Nairobi. Jumatano asubuhi kila mashine inaanza kuvuta mamia ya megabaiti, wakati mwingine gigabaiti nzima, huku mteja wa kwanza akisubiri eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ifunguke. Jioni zinazimwa. Alhamisi hazikumbuki kwamba zilishapakua, zinaanza upya. Ijumaa vivyo hivyo. Kweli, Deep Freeze inakuja na ratiba ya kuziyeyusha mashine usiku ili zisasishwe kisha zigande tena, lakini hiyo inadhani kuna mtu atakayeziacha zikiwaka usiku kucha kwa stima ya tokeni, na kwamba stima haitapotea sasisho likiwa nusu. Mashine iliyokatikiwa hapo asubuhi hupelekwa kwa fundi. Basi mwenye saiba hufanya linalobaki: anaiambia Windows kwamba intaneti ni ya kulipia kwa kipimo, au anaizima kabisa huduma ya sasisho, na kuendelea na kazi.

Wataalamu wa usalama humwita mtu huyu mzembe. Wanayo hoja nzito: kirusi cha WannaCry kilipozuka tarehe 12 Mei 2017, kinga yake ilikuwa imetolewa tangu tarehe 14 Machi, na walioumia wengi walikuwa hawajaipokea. Siipingi. Lakini inachothibitisha ni kwamba sasisho ni la lazima kwa usalama. Haithibitishi kwamba bando, stima na saa za kazi zinazoliwa na sasisho ni lazima zitoke kwa mwenye kaunta ya Dandora, na kwa bahati mbaya maandishi ya usalama huruka kutoka hoja ya kwanza hadi ya pili kana kwamba ni moja.

Kwa nini basi asihamie Linux, ambayo humwachia mwenye mashine kuamua lini asasishe? Mambo mawili yamezoea kutajwa kuwa yatamvuta, na yote mawili ni dhaifu. La kwanza ni bei: eti Linux ni ya bure. Katika soko ambamo Windows ya kukrak huwekwa na fundi pamoja na Office yake, ubure huo haumsisimui mtu. La pili ni lugha. Hili lilijaribiwa kwa dhati: Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili fasaha. Kazi ile ilistahili heshima zaidi ya iliyopata, lakini miongo miwili baadaye ni vigumu kuonyesha saiba iliyohama kwa sababu yake. Mtu wa saiba hana shida na Kiingereza cha menyu. Shida yake ni faili aliyoletewa na mteja.

Faili hiyo mara nyingi hutoka serikalini. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) humtaka kila mwenye PIN awasilishe ritani kufikia Juni 30, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Mwenye mshahara pekee anaweza kumaliza ndani ya kivinjari, na ritani ya sufuri haihitaji hata dakika tano. Lakini mwenye kibiashara kidogo pembeni ya mshahara huelekezwa kwenye fomu ya Excel. Anaipakua kutoka iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, anaruhusu makro, anajaza kurasa moja baada ya nyingine akiwa na P9 ya mwajiri (hati ya mshahara na makato ya mwaka) mkononi, kisha anabofya kitufe cha kuhakiki. Makro zikiridhika, zinatengeneza faili ya zip, nayo ndiyo inayopandishwa iTax. Zisiporidhika, hakuna zip, na bila zip hakuna ritani. Wala si jambo la Juni tu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariobangi aliyeajiri vijana wachache ana ritani ya PAYE, kodi ya mishahara, ya kila tarehe 9, na akisajiliwa kwa VAT ana ya tarehe 20.

Makro hizo zinaitaka Excel ya Microsoft. LibreOffice huzisoma baadhi, na hata ikitolewa fomu ya muundo huria, anayehudumia foleni ya Juni 29 hataijaribu mara ya kwanza mbele ya mteja aliyelipa. Hapa ndipo ninapodai kwamba mfumo endeshi wa Kayole huchaguliwa mjini, na mtu ambaye pengine hakujua kwamba anachagua. Mashine moja ya Excel inatosha kuifunga saiba nzima, kwa maana maadamu fomu hizo zipo, fundi haoni faida ya kutunza mifumo miwili kwa ajili ya chumba kimoja.

Munich, Ujerumani, ni mfano wa karibu kuliko unavyoonekana. Jiji lile lilihamishia Linux takriban kompyuta 15,000 kwa miaka kadhaa, kisha Novemba 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Wapo wanaosema ilikuwa siasa tu, na siasa ilikuwapo. Lakini malalamiko ya nyaraka zilizotoka nje na kutofunguka sawasawa hayakuisha. Ikiwa jiji lenye idara yake ya teknolojia lilisumbuka hivyo, mwenye saiba tutamdai nini?

KRA hiyohiyo inajua kufanya vingine. Mfanyabiashara mdogo anatoa ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, kwa kupiga *222# kwenye simu ya kibonyezo, na hakuna aliyemuuliza simu ina mfumo gani. Tangu serikali izindue programu ya simu ya Gava Mkononi Juni 2023, huduma nyingi za eCitizen hufika kwa simu, na hapo Windows imepoteza watu wengi Eastlands kuliko waliowahi kuondolewa na mhadhara wowote wa programu huria. Wamehamia Android, ambayo nayo ina sasisho zake, lakini hilo ni la makala nyingine.

Nitaambiwa nimesahau pakeji: zile kozi ambazo kijana hupelekwa akingoja matokeo ya kidato cha nne, afundishwe Word, Excel na Access hadi vidole vizoee. Ni kweli mazoea hayo yana nguvu. Ila pakeji hufundishwa kwa sababu ofisi huziulizia, na ofisi huziulizia kwa sababu ya nyaraka hizohizo, kwa hiyo sioni kama ni sababu inayosimama peke yake. Vilevile nitaambiwa mashine zenyewe zitalazimisha uhamaji. Laptopu za ex-UK zinazouzwa Luthuli Avenue, kama EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya kizazi cha sita, hazikubaliki rasmi na Windows 11, inayotaka kizazi cha nane na chipu ya TPM 2.0. Lakini mafundi wanajua kukwepa sharti hilo, na ambaye hakukwepa anaendelea na Windows 10 isiyopata tena kinga za kawaida. Hatari imeongezeka bila Linux kupata mtumiaji mpya.

Kwa hiyo dai langu linaweza kupimwa. KRA ihamishie fomu zote za makro kwenye kivinjari, au walau ichapishe muundo wa ile faili ya zip ili mtayarishaji programu yeyote wa Umoja aweze kuandika chombo cha kuijaza, kisha tuzitazame saiba misimu miwili ya ritani baadaye. Natarajia Linux ionekane kwanza kwenye kompyuta za wateja, na ile ya kaunta ibaki na Windows kwa sababu ya skana.