Kiriri: Nani Alilipa, Nani Aliingia

Juu ya mlima wa Kiriri, upande wa mashariki wa Bujumbura, yapo majengo ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya shule ya sekondari ya Kikatoliki, Collège du Saint-Esprit, iliyoongozwa na mapadre Wajesuiti. Aliyeyachora ni msanifu majengo Mbelgiji, Roger Bastin. Kutoka huko juu macho yanashuka hadi Rohero, yanavuka tambarare ya Bwiza na Buyenzi, yanafika Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji yanakutana na milima ya Kongo. Habari za shule hiyo husimuliwa kwa namna mbili. Kuna wanaoisifu kama zawadi ya wamisionari kwa nchi isiyokuwa na shule, na kuna wanaoilaumu kwamba ilikuwa mahali pa kuwatengenezea wakoloni watumishi watiifu. Pande zote mbili zinaiona kuwa kazi ya Kanisa peke yake, na hapo ndipo ninapotofautiana nazo. Shule ya Kikristo inayoitwa ya binafsi, katika mji huu, kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuwa ya binafsi hata kidogo. Fedha zake na ruhusa yake vilitoka serikalini, na kwa hiyo serikali ilipotaka kusema neno la mwisho, ililisema.

Mwanzo wa shule za Kikristo nchini unaeleza mengi. Mapadre Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na mwaka 1881 watatu wa msafara huo wakauawa, misheni ikafungwa. Walirudi baadaye kupitia nchi kavu, wakafungua Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Darasa la wakati huo lilikuwa la katekisimu: mtoto alijifunza kusoma ili asome sala. Wabelgiji walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 walikuta mtandao huo tayari upo, nao hawakuwa na walimu wala nia ya kutumia fedha nyingi. Wakachagua njia rahisi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa mikataba iliyofuata ile ya Kongo, misheni za Kikatoliki zilipewa ruzuku, nazo zikakubali mtaala na wakaguzi wa serikali. Waprotestanti, ambao katika miaka ya 1930 walikuwa wameshafungua vituo vyao, Waquaker huko Kibimba na Waanglikana huko Matana, waliachwa nje ya ruzuku hiyo hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu misheni zao hazikuhesabiwa kuwa za Kibelgiji. Imani ileile ya Kikristo, Biblia ileile, lakini mmoja analipwa na mwingine halipwi. Kama shule hizi zingekuwa kazi ya dini tu, tofauti hiyo isingekuwa na maana yoyote. Ilikuwa na maana kwa sababu mtawala alikuwa ananunua huduma, na alikuwa anachagua wa kununua kwake. Hata shule maarufu kuliko zote za Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi chini ya Wabelgiji, Groupe Scolaire ya Astrida, ambako wana wa machifu walifundishwa kazi za utawala, ilikuwa mikononi mwa Mabruda wa Upendo kwa ajili ya serikali.

Saint-Esprit ilizaliwa katika mpango huohuo, ila katika zama nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Umoja wa Mataifa ulikuwa unatuma ujumbe kukagua jinsi Ubelgiji inavyoitunza nchi iliyokabidhiwa, na Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo, ulikuwa makao makuu yenye wakazi wa kila aina: Wabelgiji, Wagiriki, Wahindi, Waarabu, Warundi, Wanyarwanda, Wakongo. Shule mpya ilitangazwa kuwa ya rangi zote. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na sitaki kulipunguza. Mtoto wa karani Mrundi kukaa dawati moja na mtoto wa afisa Mbelgiji, katika mji uliogawanywa kwa rangi hadi kwenye ramani, kulihitaji ujasiri wa walioiongoza.

Lakini hebu tuitazame ramani yenyewe. Kiriri ulikuwa mlima wa makazi ya Wazungu, wenye upepo wa jioni na bustani. Waafrika wa mjini waliishi tambarare, katika Buyenzi na Bwiza iliyoitwa Belge, na baadaye katika nyumba za mpango za Ngagara na katika Kamenge. Buyenzi, yenye nyumba zilizopangwa kwenye mitaa ya namba, ilikuwa ya Waswahili: watu waliotoka Manyema, Ujiji na pwani, wafanyabiashara, wavuvi, mafundi, wengi wao Waislamu. Walikuwa watu wa mji kabla ya wengi waliopanda Kiriri, nao walilipa kodi iliyoingia katika hazina ileile iliyotoa ruzuku. Watoto wao hawakufungiwa mlango kwa sheria. Walifungiwa na hesabu ya wazazi, walioogopa kwamba anayeingia shule ya padre atatoka na jina la ubatizo, na woga huo haukuwa wa kubuni, maana misheni zenyewe zilihesabu shule kuwa njia ya kwanza ya kuongoa. Waziri wa makoloni Auguste Buisseret, Mliberali aliyeshika wizara kuanzia 1954 hadi 1958, alipoanza kupeleka shule za serikali zisizo za dini kwa Waafrika, maaskofu walipinga vikali, na ugomvi wa shule uliokuwa ukiendelea Ubelgiji ukahamia huku. Upinzani ule hauelezeki kwa mafundisho ya imani peke yake. Kanisa lilikuwa linatetea fungu lake katika bajeti.

Baada ya uhuru wa 1962 mkataba ule haukuvunjika. Ulibadilisha mshirika tu. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi kinaonyesha hilo waziwazi. Wajesuiti walikuwa wamefungua taasisi ya elimu ya juu Usumbura mwaka 1960, nayo ikawa mojawapo ya mizizi ya Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilichoundwa mwaka 1964. Gabriel Barakana, Mrundi na Mjesuiti, alikuwa rekta wake. Chuo cha taifa, rekta padre. Katika ushirika wa namna hiyo ni vigumu kusema shule inaishia wapi na dola inaanzia wapi, na ushirika huo haukuwa ngao. Mwaka 1972, wanafunzi na walimu Wahutu walipotolewa madarasani na kuuawa, msalaba ukutani haukuizuia shule yoyote kufikiwa.

Kisha akaja Jean-Baptiste Bagaza, aliyetwaa madaraka mwaka 1976. Serikali yake iliwafukuza wamisionari kwa makundi, ikakataza misa za siku za kazi, ikataifisha seminari ndogo, na mwaka 1986 ikafunga shule za Yaga Mukama, ambako watoto wa vijijini waliokosa nafasi shuleni walijifunza kusoma na kuandika pamoja na katekisimu. Wengi huandika juu ya kipindi hicho kama mateso ya Kanisa, na kweli Kanisa liliteswa. Ila tuangalie kilichofungwa na kilichochukuliwa. Shule zilizokuwa zikiishi kwa ruzuku zilichukuliwa kwa urahisi mkubwa, maana mishahara ilikuwa tayari inatoka serikalini. Zile za Yaga Mukama, zilizoendeshwa kwa nguvu za parokia, hazikuwa na cha kuchukuliwa, ndiyo maana zilifungwa tu. Kama kuna elimu ya Kikristo iliyostahili kuitwa ya binafsi katika Burundi ya karne ya 20, ni hiyo ya Yaga Mukama, na iliwahudumia maskini.

Hapa nitapingwa kwamba naitazama fedha mno na kusahau malezi. Nitaambiwa Buta. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, waasi waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, na 40 wakauawa. Hakuna hesabu ya ruzuku inayoweza kueleza vijana wale. Waliowalea walikuwa wamefanya kazi ambayo serikali haikuiagiza wala haikuilipia. Nalikubali hilo bila shaka yoyote. Lakini Oktoba 1993, mara tu baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wanafunzi Watutsi walichomwa moto Kibimba, mahali ambapo Waquaker, watu wa amani kwa mafundisho yao, ndio walioanzisha shule. Jina la mwanzilishi halikuwakinga. Tofauti waliifanya watu waliokuwa ndani mwaka huo.

Pingamizi la pili ni la leo, nalo ni zito zaidi kwa hoja yangu. Baada ya Pierre Buyoya kuchukua nchi mwaka 1987, Kanisa lilirudishiwa nafasi, na pakawa na aina tatu za shule: za serikali, za mkataba ambazo Kanisa linaziongoza huku serikali ikilipa walimu, na za binafsi. Wajesuiti walifungua tena sekondari yenye jina la Saint-Esprit, majengo ya Kiriri yakibaki kwa Chuo Kikuu. Madhehebu ya Kiprotestanti nayo yakajenga, hadi Free Methodist wakahamishia Kamenge, kutoka Nairobi, Chuo Kikuu cha Hope Africa. Rais Pierre Nkurunziza alipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2005, madarasa ya umma yalifurika, na mzazi mwenye uwezo akamhamishia mtoto wake shule ya kulipia. Basi sasa, nitaambiwa, analipa mzazi, na shule imekuwa ya binafsi kwelikweli.

Nusu ya pingamizi hilo ni sahihi. Minervali, yaani ada ya shule, inatoka mfukoni mwa mzazi, na mzazi anaweza kumhoji mkuu wa shule kwa namna ambayo baba yake hakuweza. Hata hivyo mtihani wa taifa na diploma vingali vya serikali, kwa hiyo kinachofundishwa hakiamuliwi na parokia wala na mchungaji. Kilichobadilika zaidi ni anayeingia. Zamani mlango ulilindwa na rangi, ubatizo na ukoo. Leo unalindwa na ada. Watoto wa Waislamu wa Buyenzi sasa wanasoma katika shule za Kikatoliki bila kuacha dini yao, na tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 Kiswahili cha nyumbani kwao kimeingia katika mtaala wa shule za msingi. Hilo ni geuko ambalo waliopanga Saint-Esprit hawakuliwaza. Lakini mtoto wa mchuuzi wa mtaa wa Kinama, mwenye akili kama za mwingine yeyote, anabaki katika darasa la umma lililofurika, na hakuna mkataba unaoilazimisha shule ya kulipia imchukue. Ruzuku ya zamani, pamoja na dhambi zake zote, angalau ilimpa mtu haki ya kuuliza kwa nini mwanawe hakupokelewa.