Ajali Ina Kinga: Waulize Watu wa Miavuli

Ndugu msikilizaji, hakuna usemi unaopendwa mijini kwetu kama ule wa "ajali haina kinga". Basi likipinduka, ajali haina kinga. Fundi akianguka kutoka ghorofa ya nne bila mkanda, ajali haina kinga. Pikipiki iliyopakia abiria watatu ikiingia chini ya lori, ajali haina kinga. Tunausema msibani, tunausema kituo cha polisi, na tukishausema tunakunja jamvi na kila mtu anakwenda zake. Jambo limekwisha.

Juma hili ninaomba tuupime usemi huo kwa kuwatazama watu ambao ungedhani ndio wangekuwa wa kwanza kuutumia. Nao ni wale wanaoruka kutoka angani kwa miavuli, si kwa amri ya jeshi, bali kwa kupenda kwao na kwa fedha yao. Hapa kwetu wengi tumezoea kuwaona askari wa miavuli katika sherehe za kitaifa, wakishuka uwanjani huku watu wakishangilia. Lakini wapo pia raia. Huko Diani, kusini mwa Mombasa, watu hushuka juu ya mchanga mweupe wa pwani. Huko Dubai hushuka kando ya kile kisiwa kilichojengwa kwa umbo la mtende. Marubani huwatania wakisema: mwenye akili timamu anaiachaje ndege nzima, isiyo na hitilafu? Nao hujibu: wewe umeitazama vizuri hiyo ndege unayoiita nzima?

Tuanze mwanzo. Leonardo da Vinci, bingwa wa Italia, alichora mwavuli wa kushukia katika miaka ya 1480, lakini mchoro ulibaki mchoro. Ilipita miaka 300 hivi. Desemba 1783, Mfaransa Louis-Sébastien Lenormand aliruka kutoka mnara mmoja mjini Montpellier akafika chini salama. Yeye ndiye aliyekipa chombo hicho jina la parachuti, maana yake kinga ya kuanguka. Angalia neno lenyewe, ndugu msikilizaji. Tangu siku ya kwanza chombo hiki kiliitwa kinga.

Tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa mwingine, André-Jacques Garnerin, alipanda puto mjini Paris, akafika kimo cha karibu mita 1,000, akaikata kamba iliyomfunga na puto. Mwavuli wake wa hariri ulifunguka, lakini kikapu alichokaa kiliyumba vibaya kama bembea ya watoto. Alifika chini mzima. Mtaalamu wa nyota, Lalande, alishauri kwamba mwavuli utobolewe tundu juu, ili hewa iliyobanwa ipate njia ya kutokea badala ya kutorokea pembeni. Tundu moja tu, na kuyumba kukapungua. Miaka miwili baadaye Jeanne Labrosse, ambaye alikuja kuwa mke wa Garnerin, alikuwa mwanamke wa kwanza kushuka kwa mwavuli. Naye Garnerin hakufia angani. Mwaka 1823 alipigwa na boriti akiwa chini, katika matayarisho ya puto lake.

Basi hapo tunaliona somo la kwanza: kosa lilionekana, likasemwa, mtu akashauri, likarekebishwa. Lakini si kila mtu husikia ushauri.

Mwaka 1802, Mwingereza mmoja aitwaye Robert Cocking alimwona Garnerin akishuka London, na kule kuyumba kukamkaa akilini. Kwa miaka mingi alifikiria mwavuli wake mwenyewe, uliogeuzwa juu chini kama faneli. Wazo la umbo hilo halikuwa la kipumbavu. Lakini Cocking alikuwa mchoraji, si mhandisi, na hakuuhesabu uzito wa mwavuli wenyewe, uliozidi kilo 100. Mwezi Julai 1837, akiwa na miaka 61, alijiachia kutoka puto juu ya London. Mwavuli ulikunjamana, ukavunjika, naye akafa.

Kisa cha pili ni cha fundi cherehani wa Paris, Franz Reichelt. Huyu alishona vazi ambalo aliamini lingegeuka mwavuli. Aliomba ruhusa ya kulijaribu kwenye Mnara wa Eiffel, na wenye mamlaka walielewa kwamba angetumia sanamu. Asubuhi ya tarehe 4 Februari 1912 alifika amelivaa mwenyewe. Rafiki zake walimsihi, hakusikia. Aliruka kutoka ghorofa ya kwanza, mita 57 juu, mbele ya wapiga picha za sinema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Reichelt hakuvunjika guu tu.

Je, ndugu msikilizaji, hizo zilikuwa ajali zisizo na kinga? Hata kidogo. Sanamu yenye uzito wa mtu, ikirushwa kwanza, ingemwonyesha kila mmoja wao jibu, na asubuhi ya pili angerudi mezani kwake kurekebisha hesabu au mishono.

Wakati huo huo kulikuwa na dada mmoja wa Marekani, Georgia Broadwick, ambaye kwa udogo wa mwili wake walimwita Tiny, yaani Kadogo. Alianza kuruka kutoka puto mwaka 1908 akiwa na miaka 15. Mwaka 1914 alikuwa San Diego akiwaonyesha wanajeshi namna ya kuruka kutoka ndege. Zamani hizo mwavuli ulifungwa kamba kwenye ndege, nayo ndiyo iliyouvuta ukafunguka. Katika mruko mmoja kamba ile ilinaswa kwenye mkia wa ndege. Aliporuka tena aliikata, akaacha kipande kifupi, akajitupa, na akiwa hewani akakivuta kwa mkono wake mwenyewe. Mwavuli ukafunguka. Hivyo msichana huyo, bila maabara wala shahada, akaonyesha kwamba mtu anayeanguka anaweza kujifungulia mwavuli.

Pamoja na hayo, miaka mitano baadaye wataalamu wengi walikuwa bado wanaamini kwamba mtu akianguka hewani atazimia, au mikono yake itakataa kutii. Tarehe 28 Aprili 1919, Leslie Irvin aliruka Dayton, Ohio, akauvuta mwavuli kwa mkono wake, akashuka na akili zake zote. Alivunjika kifundo cha mguu tu wakati wa kutua. Hapo mabishano yakaisha.

Lakini kati ya 1914 na 1919 kuna jambo la kusikitisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwapa miavuli watazamaji waliokaa kwenye maputo. Marubani wao wa ndege za kivita hawakupewa. Ni kweli miavuli ya wakati huo ilikuwa mizito na mikubwa. Lakini wapo pia wakubwa walioona kwamba rubani akipewa mwavuli ataiacha ndege mapema badala ya kupigana. Wajerumani waliwapa marubani wao miavuli mwaka 1918, vita vikielekea ukingoni. Vijana wangapi waliungua angani kinga ikiwa tayari imegunduliwa? Hapo aliyekosekana ni mtu wa kuamua. Nasi tujiulize: ni mara ngapi kinga ipo dukani au kabatini, na aliyeshika ufunguo anasema si lazima?

Baada ya Irvin mambo yalibadilika. Mwaka 1922 lilianzishwa kundi la watu waliookolewa na mwavuli, likiitwa Klabu ya Viwavi, kwa heshima ya kiwavi anayefuma hariri. Kiingilio chake kilikuwa kimoja tu: uwe ulikuwa ufe, ukapona. Baada ya Vita Kuu ya Pili waliokwisha kupita mlango huo walikuwa makumi ya maelfu. Rubani kijana aliyetunguliwa juu ya Pasifiki mwezi Septemba 1944 akajiokoa kwa mwavuli, George Bush, baadaye alikuja kuwa Rais wa Marekani. Mwaka 2014, alipotimiza miaka 90, mzee huyo aliruka tena kwa kusherehekea, akiwa amefungwa kifuani pa mwalimu.

Vita vilipokwisha, miavuli ya jeshi iliuzwa kwa bei ya chini, na vijana wakaufanya mchezo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Yugoslavia mwaka 1951. Mchezo ukazaa desturi zake. Wakiagana wanatakiana mbingu za buluu. Mtu akifanya jambo lolote kwa mara ya kwanza, iwe mruko wa kwanza au kutua kwa miguu yote miwili, wenzake wanamdai kreti ya bia, nayo hainyweki mpaka ndege ya mwisho imeshuka. Akitimiza mruko wa 100, hupakwa keki ya krimu usoni. Kwa nje ni utani mtupu. Lakini katika vijiwe hivyo, jioni, ndiko mgeni anakoambiwa na mzee wa kazi: leo ulichelewa kufungua, leo ulitua na upepo mgongoni, kesho usirudie.

Vifaa vyenyewe vilizaliwa hivyo hivyo, kosa moja baada ya jingine. Anayeruka leo kutoka mita 4,000 huanguka kwa dakika moja hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Mgongoni amebeba miavuli miwili. Mkuu anaweza kuukunja mwenyewe. Ule wa akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni, na muda ukipita lazima ukaguliwe upya hata kama haukutumika. Mkononi ana saa ya kupimia kimo. Mwavuli mkuu ukisokoteka, anavuta kishikio kimoja kuutupa, kisha cha pili kuufungua wa akiba. Zamani kuutupa kulihitaji kazi ya mikono yote miwili, huku unazungushwa kama pia. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Bill Booth alibuni pete tatu za chuma zinazoshikana begani, na mvuto mmoja ukatosha. Mwaka 1991, Mjerumani Helmut Cloth akaleta kifaa kidogo chenye akili ya kompyuta. Mtu akizimia au akisahau, na bado anaanguka kwa kasi akiwa zaidi kidogo ya mita 200 kutoka ardhini, kifaa hicho hukata kitanzi chenyewe na mwavuli wa akiba hufunguka.

Sasa utasema, basi wamemaliza. La hasha. Bill Booth huyo huyo alitoa onyo ambalo kila mruka mwavuli analijua: kadiri vifaa vinavyokuwa salama zaidi, ndivyo watu wanavyozidi kujihatarisha, mpaka idadi ya vifo irudi pale pale. Aliyajua aliyoyasema. Miavuli ya mraba ilipokuwa midogo na ya kasi, vijana walianza kukata kona za ghafla karibu na ardhi ili watue kwa mbwembwe. Wakafa chini ya miavuli mizima, iliyofunguka vizuri, isiyo na tundu wala fundo. Ni sawa na dereva aliyefungiwa breki mpya, akaona sasa ana haki ya kukimbia.

Walifanya nini? Hawakusema ajali haina kinga. Chama chao cha Marekani huchapisha taarifa za ajali katika gazeti lake: aliruka miruko mingapi, alikuwa na kifaa gani, alikosea wapi, mwingine afanye nini. Huacha jina la marehemu, huweka kosa. Wakaongeza masomo ya kuongoza mwavuli, wakamzuia mwanagenzi asiruke na mwavuli wa kasi. Katika miaka ya 1970 nchini humo walikuwa wakifa kwa wastani zaidi ya watu 40 kila mwaka. Mwaka 2023 walikufa 10, katika miruko zaidi ya milioni 3 na nusu. Kila mmoja wa hao 10 ana mama yake, na hakuna wa kujivunia kifo. Lakini tofauti hiyo haikuletwa na bahati.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi basi likiua watu 30 tunaunda tume, na ripoti yake mara nyingi hatuioni. Fundi akianguka, mwenzake wa jengo la jirani hapati kujua kamba ilikatikia wapi, kwa hiyo kesho anapanda na kamba ile ile. Wanaoruka kutoka angani wametambua kwamba maiti asiyesemewa amekufa bure.

Basi, ndugu msikilizaji, safari nyingine ukisikia mtu anasema ajali haina kinga, muulize kwa upole: kofia ilikuwa wapi? Mkanda ulikuwa wapi? Nani aliliona tairi lile kabla ya safari akanyamaza? Na wewe uliyemo ndani ya gari, dereva akizidisha mwendo, usione haya kumwambia. Abiria anayesema ni mwavuli wa akiba wa gari zima.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.