Piga Kesi ya Kompyuta Yako Rangi Hadi Ing'are Kama Nganya

Umejiundia kompyuta kwa keja lakini kesi bado inakaa sanduku la kuboesha? Tulia mse, hii ndio njia.

Kwanza, chomoa stima, utoe kila kitu: mazabodi, diski, feni na pawa saplai. Hiyo pawa saplai usiifungue kamwe. Hata ikiwa imezimwa inaweza kubaki na chaji, na ikikupiga ni noma.

Pili, piga kesi msasa namba 400 hadi ule mng'ao uishe. Fanyia nje, mbali na vifaa vyako. Vumbi la chuma likiingia kwa mazabodi linaweza leta shoti, na doo yako imeenda. Osha na sabuni, kausha kabisa.

Tatu, ziba matundu ya skrubu na pale mazabodi inashikilia kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi. Hapo chuma inafaa kugusana na chuma ndio athi ifanye kazi.

Nne, anza na praima, kisha rangi ya kopo. Simama sentimita 20 hadi 30, piga koti nyembamba tatu, ukingoja kama dakika 15 kila moja. Ukimwaga yote mara moja itachuruzika. Na vaa maski, buda.

Mwisho, acha ikauke masaa 24 au zaidi. Ukikimbilia kurudisha vifaa, alama za vidole zako zitabaki hapo, na utarudia msasa upya.